Njia ya Plasete Kumi na Saba

Furaha, mutoto wangu,

Mu Masisi yote, kutoka hapa Bihambwe mpaka kule Kirolirwe ng'ombe wanapokula majani pamoja na ukungu, hakuna muntu wa bahati kama papa yako. Hilo unalijua kuliko jina lako la ubatizo. Nimepita bariere tatu za askari kwa siku moja na cheti cha muntu mwingine, tena muntu mwenyewe alikuwa mwanamuke. Nimekunywa bia mu Goma, mu Bukavu, mu Kisangani, hata mu Kampala, na kila muji nilitoka na viatu vyangu. Mama yako alikuwa na vijana watatu wenye mashamba ya kweli wanamungojea mulangoni, mimi niko na radio mbovu tu, nikamuchukua. Na siku ile ya plasete kumi na saba, kiwanja chetu cha kupimia miti kule nyuma ya Ntoto, risasi zilinipita kushoto na kuume kama nyuki waliochokozwa, Muhindo akaanguka, mimi nikarudi na sandali zote mbili. Hata mukwaruzo hapana. Mungu mwenyewe alifunga jicho moja akaniambia, pita.

Hivyo njo nimekuwa nikisema miaka hii yote, na leo naanza hivyo kwa sababu mukono umeshazoea.

Wewe umeenda kuaga shangazi yako, maana kesho unaanza safari ya kupima pori. Mimi nimekaa nyuma ya nyumba, upande wa maharagi, na kalamu yako ya biki, ya blu, niandike kabla hujarudi. Milima imenyamaza. Tangu asubuhi hakuna hata mulio mumoja wa bunduki upande wa magharibi, na hapa kwetu watoto wote wanajua, kelele unaweza kuihesabu, ni kunyamaza njo hujui kunapika nini.

Mama yako amechungulia sasa hivi.

“Papa Furaha, unaandika nini hivi? Testamenti?”

“Njo yenyewe. Wewe nakuachia radio.”

“Ile haijasema neno tangu tuoane.”

“Basi mutafanana.”

Amenitupia ganda la ndizi. Sitakuambia uchemshe maji, ao ulale ndani ya chandarua, ao usitembee na simu mukononi. Mama yako ameshayasema, na atayasema tena kesho pikipiki ikiwa inaunguruma. Mimi niko na neno langu moja, na hili neno nimelibeba mpaka mugongo umepinda.

Jana nilikusikia ukiongea na shefu wako wa ekipe, mukubwa wa kikosi chenu, mu simu. Ulisema: “Shefu, usiogope ya kumi na saba. Njia yake ilichorwa na papa yangu mwenyewe. Tutafuata ile ile. Na mimi niko na bahati yake mu damu.” Ukacheka. Mimi nikamwaga chai ku suruali, mukanicheka wewe na mama yako.

Sasa sikia. Hata kama mengine hutasoma, hili soma mara mbili: ile njia musipite. Ile yenye nukta nukta nyekundu ku ramani yenu, inayotoka Ntoto, inavuka mutoni penye alama ya daraja, inapanda mpaka plasete kumi na saba. Musipite. Utaniuliza juu ya nini. Nitajibu. Lakini unanijua, mimi muntu wa maneno mengi, nikikimbia moja kwa moja nitajikwaa. Acha nitembee.

Nilianza hiyo kazi wewe ukiwa darasa la tatu. Lori ya mufanyabiashara wa Butembo ilishusha hapa Bihambwe injinia mumoja, tuliyemuita Shefu, na masanduku, na Muhindo, aliyekuwa wa busole, kile kisaa kinachoonyesha kaskazini. Mukewe, Mama Kavira, alikuwa na duka hapa tayari. Walitafuta watu wa panga wa kukata njia. Mimi, niliyeachana na masomo mwaka wa tatu wa sekondari hesabu iliponifukuza, nilimwambia injinia najua kila muti kwa jina na kwa ukoo. Siku ya pili nikapewa utepe wa kupimia, siku ya tatu nikapewa fishi, ile karatasi ya kuandikia. Watu wengine walipanda cheo kwa diploma. Mimi kwa mudomo.

Wewe sasa unajua hiyo kazi kunishinda, na satelite zako. Lakini Shefu alitueleza vizuri, na ninataka uone mimi nilielewa, kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Alisema: pori halipandi ku mizani kama gunia la viazi. Basi unachora kiwanja ndani ya pori, njo plasete. Ndani yake unapima kila muti mukubwa unene wake penye kifua, unaandika jina lake, maana limbali ni muzito kama jiwe na kombokombo inaelea kama mukate. Hesabu inakuambia huo muti, ukikauka wote, ungekuwa kilo ngapi, na karibu nusu ya hizo kilo njo kaboni. Kisha, akasema, sikilizeni hapa: plasete moja inasema kwa niaba ya mulima muzima. Mukidanganya muti, mumedanganya mulima.

Nilitikisa kichwa kama muntu anayesikia misa.

Makosa ya kwanza yalikuwa ya kuchekesha. Kuna ile miti yenye mizizi kama mabawa, inayosimama kuliko muntu. Mimi nikazungusha utepe chini, juu ya mabawa yote, nikaunganisha utepe mara tatu, nikaandika. Jioni Shefu alisoma fishi, akavua miwani.

“Papa, huu ni muti ao ni kanisa?”

“Ni muti, Shefu. Kanisa lingekuwa na mulango.”

Muhindo akadakia: “Na huyu angekuwa ameshaanza kukusanya sadaka.”

Kambi yote ikaanguka kicheko. Kesho yake Shefu alinipandisha ngazi ya miti mpaka juu ya mabawa, akanionyesha pale shina linapokuwa duara, akapaka rangi nyekundu. Alisema muti ule, mimi peke yangu, nilikuwa nimeupatia kaboni ya pori ndogo. Muhindo akaniita “Kanisa” tangu siku hiyo. “Kanisa, lete utepe.” “Kanisa, umelala?” Nilimupenda yule muntu. Alikuwa Mukatoliki wa kweli, hakosi rozari, na matusi yake yalikuwa matamu.

Makosa ya pili nilifundishwa bila kufanya. Shefu alikuwa na fishi ya ekipe nyingine, akaitazama dakika moja tu, akasema: hawa hawakupima. Tukauliza, unajua namna gani? Akasema: tazameni mwisho wa kila namba. Sifuri, tano, sifuri, tano, sifuri. Muntu akibuni anapenda sifuri na tano. Muti haujui hayo mambo, unanenepa kadiri unavyokula. Nikalishika hilo. Laiti ningelishika kwa mukono mwingine.

Sasa ya kumi na saba.

Usiku uliotangulia tulikuwa kambini Ntoto, na watu wa Ntoto walituletea habari: upande ule kuna watu wa bunduki, haijulikani ni wa nani wiki hii. Mimi nikasimama, na kasiksi kidogo, pombe ya ndizi, kichwani, mbele ya ekipe nzima na mbele ya wasichana wa kijiji, nikasema: “Mimi risasi inaniogopa. Nipeni kumi na saba.” Shefu alitazama kikombe changu. Akasema sawa, wewe na Muhindo, lakini mukiona kitu rudini, ku fishi kuna kisanduku chake.

Kiko. Wewe unakijua. Chini kabisa, kisanduku kidogo kama jino la mutoto: plasete haikufikiwa. Unatia alama, unaandika sababu, unarudi kula.

Tulitembea masaa matatu. Tukafika mutoni. Ku matope kulikuwa na nyayo za viatu vya bote, mupya, maji hayajajaa ndani. Na majivu. Muhindo akachutama akaweka kiganja.

“Kanisa, haya majivu bado iko na moto.”

“Basi tuchome muhogo.”

“Usicheze. Turudi. Tutie alama.”

“Nirudi niwaambie nini? Jana nimesema mbele ya watu...”

“Waambie ulikuwa umekunywa. Wanajua.”

Ng'ambo, muntu akakohoa. Kikohozi kimoja tu, cha muntu mwenye mafua, karibu sana. Tukalala chini ya majani mpaka miguu ikafa ganzi. Halafu tukarudi nyuma taratibu mpaka kibanda cha shamba lililoachwa, nusu ya njia. Mule ndani, mutoto wangu, nikakaa juu ya gogo nikafungua fishi. Na kile kisanduku nikakiruka.

Niliandika miti arobaini na mumoja. Kwa jina, kwa unene, kwa urefu. Muhindo alikuwa amenipa mugongo, anatazama mulango. Nilikuwa nasoma kwa sauti nikiandika, unajua tabia yangu. “Limbali, sentimita themanini.” Yeye, bila kugeuka:

“Themanini na tatu. Muti haupendi sifuri.”

Hivyo njo tulifanya. Na kwa sababu mimi si muntu wa kufanya kitu kidogo, pori langu lilikuwa pori la kifalme. Limbali, muvula, limbali, mashina ambayo watu wanne hawawezi kukumbatia. GPS nikaitoa betri, nikasema ilikufa. Njia nikaichora kwa mukono, nukta nukta, saa ngapi mpaka wapi. Penye mutoni nikachora daraja la magogo. Sijui juu ya nini daraja. Hakuna aliyeniomba daraja. Kalamu ilikuwa tamu.

Furaha, ile njia unayotaka kufuata ilitoka mu kichwa changu, ndani ya kibanda, na kitako juu ya gogo. Kupita pale mutoni sijui kuna nini. Sikujua siku ile, na leo sijui. Pengine pori, pengine mashamba ya zamani na kombokombo tupu, pengine mashimo ya watu wa madini. Ku ramani mulima wote ule umepakwa kijani kizito kwa ajili ya miti yangu arobaini na mumoja, na wewe umeiona hiyo ramani ku ofisi yenu, ukanipigia simu ukipiga kelele ya furaha: “Papa, jina lako iko hapa chini!” Nilisema nini? Nilisema, “Waambie wanitumie picha.”

Najua utakasirika. Kasirika, lakini endelea kusoma.

Shefu alipoipata fishi alifurahi mpaka akanikumbatia. Kumi na saba ilikuwa na kaboni kuliko plasete zote. Na hapo njo mutego ulipofunga. Plasete ikiwa tajiri hivyo, alisema, lazima ipimwe mara ya pili na macho mengine, kabla ya kuituma mbele. Ningeandika miti midogo, vijiti vya kuchungia mbuzi, hakuna muntu angerudi kule, na Muhindo leo angekuwa anauza sabuni dukani na mukewe. Ni majivuno yangu yaliyomurudisha. Si vita. Vita ilikuwako tu, kama mvua inavyokuwako. Mimi njo niliyemwambia muntu atoke nje.

Wiki mbili baadaye, jioni, Shefu akasoma majina: wawili wapya wa kupima, na wa kuonyesha njia ni mimi na Muhindo. Yeye mwenyewe atabaki na karatasi. Tulikuwa na usiku muzima wa kusema ukweli. Muhindo alinitazama ng'ambo ya moto, akisubiri mimi nianze, kwa sababu uongo ulikuwa wangu na heshima yake haikumuruhusu kunivua nguo mbele ya watu. Mimi nikasimulia hadithi ya Kampala. Walicheka sana.

Yaliyofuata unayajua, umeyasikia kila Krismasi. Walifika mutoni na daraja hakuna. Wale wawili wapya wakasema pengine iko mbele kidogo, ramani inasema iko. Basi wakaanza kufuata ukingo, pale penye muchanga, penye jua, bila muti hata mumoja wa kuwaficha, wanatafuta daraja. Daraja langu. Walitembea hivyo muda murefu, mumoja wa wale wapya njo aliyesimulia, yeye na mwenzake walifika kambini jioni wakitambaa. Risasi zilitoka ng'ambo. Muhindo alikuwa mbele. Hakuna aliyerudi kupima tena, na fishi yangu ikatumwa mbele ilivyo.

Zile bote zako mupya, ulizorudi nazo jana ukiruka kama mwana mbuzi, Mama Kavira alikupatia bila kutaka kitu. Unajua alikuambia nini, uliniambia mwenyewe: “Vaa hizi, mutoto wa rafiki ya mume wangu. Papa yako njo alikuwa naye mwisho.” Kila nikipita dukani, miaka hii yote, ananikalisha ku gunia la chumvi ananiuliza: “Kaka, alisema nini tena pale?” Na mimi namwambia. Mara ya kwanza nilisema alitaja jina la mukewe. Mara nyingine nikaongeza watoto. Mwaka jana nikaongeza sala nzima. Anafuta macho, anasema aksanti, ananifungia sukari niwapelekee nyumbani. Chai tunayokunywa hapa, sukari yake mara nyingi ni ile.

Ekipe haikupita tena hapa, kwa hiyo mama yako hajui. Padri hajui, na padri huyu nimemuungamia mambo ambayo sikufanya, ili tu nisifike kwenye hili.

Giza linaingia, nimewasha taa ndogo. Bado hakuna mulio.

Wewe umesoma. Wewe unajua kupima, nimeona namna unavyoshika utepe, haukazi, haulegezi. Munaenda kupima tena zile plasete za zamani, muone pori imeongeza ngapi na makala, yale makaa ya kupikia, imekula ngapi. Kazi nzuri, naijivunia mbele ya watu kama mimi njo nimeibuni. Lakini huko mbele kutakuwa na jioni, na watu wanakutazama, na wewe uko damu yangu kwa upande wa mudomo. Utatamani kusema, nipeni mimi. Sikukatazi kusema. Ukishasema, na ukifika penye majivu ya moto, rudi, wakucheke. Kicheko nimekila maisha yangu yote, hakijawahi kunivunja mufupa.

Na kile kisanduku kidogo, ukitie alama. Ya kwanza utakayoitia iwe ya kumi na saba ya zamani. Mupatie shefu wako hii barua yote, asiisome mbele ya watu kama anaweza, lakini aisome. Afute miti yangu arobaini na mumoja. Afute njia. Jina langu lile ulilolifurahia, alikate na mustari.

Kesho pikipiki yako ikishapita kona ya shule, nitaenda dukani kwa Mama Kavira, nitasimama, sitakaa ku gunia, nimwambie yote. Kwa hiyo huwezi kunizuia na huwezi kunionea huruma, utakuwa njiani. Nimepanga hivyo, ninajijua.

Nasikia sauti yako barabarani, unacheka na mutoto wa shangazi yako. Nina dakika chache.

Ulisema uko na bahati yangu mu damu. Hicho njo kimeniandikisha yote haya, kuliko hata njia. Muntu anayeamini bahati yake anavuka pale penye nyayo mupya. Basi itoe mu damu, itoe usiku huu. Asubuhi ile ya kuondoka Shefu alipotuita, mimi nilikuwa chini ya blanketi mbili. Nilisema malaria. Muhindo aliingia akaniwekea kiganja ku paji la uso, kama alivyokiweka ku majivu.

“Kanisa, malaria yako haina moto.”

Nilitazama turubai. Akaokota utepe wangu akautia mufukoni.

“Lala. Nitawaonyesha penye tuliishia. Nitasema ni betri ya GPS ilitupoteza.”

Akatoka. Saa sita hivi za muchana nikazisikia risasi, mbali sana, kama muntu anayevunja kuni. Nikajifunika zaidi.

Hakuna risasi iliyonipita kushoto wala kuume. Sikusikia neno lake la mwisho, sijui kama alisema neno. Sandali zangu zilikuwa mbili kwa sababu zilikuwa chini ya kitanda. Sikuwa pale, Furaha. Sina bahati yoyote, sijawahi kuwa nayo, nilidanganya.